Ngoma ya kambini kwenye biti la bongofleva, inavuliwa nguo au inavalishwa?

Juzi nimepanda bajaji stendi ya Kasulu, dereva kaweka wimbo wa kijana mmoja Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, biti ni bongofleva kabisa ila chini inadunda ingoma, ile ngoma ya Burundi, gitaa la Kikongo linapita juu, mashairi ya Kiswahili kiitikio Kirundi. Pembeni yangu kakaa mzee aliyekimbia Burundi 1972, sasa hivi ni raia wa hapa. Kasikiliza mpaka mwisho ndo akasema, "Mwanangu, hawa watoto wanaivua ngoma nguo."

Nimekaa na hiyo kauli wiki nzima.

Mzee ana hoja, tusimpuuze. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, neno ni hilohilo moja. Haikupigwa hovyo, ilikuwa ni ya kumtawaza mwami, yaani mfalme, ya kumzika, ya sikukuu ya kupanda mtama. Sasa mtu aliyeacha shamba, ng'ombe na makaburi ya wazazi, akavuka na mdundo tu kichwani, leo anausikia umekatwa sekunde nne kwenye kompyuta ukawekwa chini ya wimbo wa mapenzi, lazima imuume.

Ila najiuliza, hiyo ngoma safi nani anaipima? 2014 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, halafu 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri kwamba wanawake wasiipige, wakati kulikuwa na vikundi vya wanawake vinapiga. Kwahiyo hata huko kwao sheria za ngoma zinaandikwa upya. Na sisi Waha wa huku Kigoma tusijifanye watazamaji, Kiha na Kirundi tunaelewana bila mkalimani, mpaka wenyewe umekuja baada ya vita ya kwanza ya dunia pale Mbelgiji alipochukua Urundi na Mwingereza akachukua Tanganyika, kabla ya hapo wote tulikuwa chini ya Mjerumani.

Halafu huyo kijana Nyarugusu anasikia nini? Kambi imefunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, Warundi wakaongezeka kwa wingi kuanzia 2015. Jirani wa kushoto anapiga rumba, wa kulia yuko kwenye mazoezi ya kwaya, redio inapiga bongofleva. Mi naona huo mchanganyiko hajautafuta studio, ndo mtaa wake ulivyo.

Kinachonisumbua zaidi ni lugha. Mnaikumbuka kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, kule Tabora? Makazi ya wakimbizi wa Burundi wa 1972 hayo, na kanda zao zilisikika nchi nzima, mama yangu alikuwa anaziimba akichambua maharage. Ni Kiswahili, kila mtu alielewa. Ila muulize aliyekuwa anaziimba nyumbani kama mama, alijua hao watu wametoka wapi? Wengi hawakujua, mimi mwenyewe nimejua ukubwani. Kiswahili kiliwafungulia mlango wakaingia, ila huko walikotoka kukabaki nje.

Na siwalaumu hata kidogo. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, wimbo wake unafika Kasulu kwenye memori kadi ya mtu wa bajaji, yeye mwenyewe hawezi kufika. Ukijulikana sokoni kwamba ni mtu wa kambi unaweza kuishia polisi, sasa unamwambiaje mtu wa namna hiyo akaze Kirundi kwenye kila wimbo? Kujificha nako ni kujilinda.

Ndo maana yule kijana kanigusa, kiitikio kakiacha Kirundi. Angeweza kukitoa na wimbo ungechezwa redioni vizuri tu. Kwangu hapo hajavua nguo yoyote, kasema ametoka wapi mbele ya watu ambao hawajamuuliza. Mzee tunapishana hapo, ila kwenye zile sekunde nne niko naye, maana zinasikika zimeokotwa tu mtandaoni, zinajirudia hivyohivyo mwanzo mwisho hakuna anayeitika, na ingoma ni kuitikiana, mmoja katikati anaongoza wenzake wamemzunguka. Wapigaji wenyewe wapo hukohuko kambini, wazee watu wazima. Ila tangu 2017 mabasi yanawarudisha Warundi kwao, na yakiondoka na hao wazee kijana hajakaa nao hata jioni moja, atabaki na sekunde zake nne.