Treni ya Mahujaji Irudi Uganda

Mahali patakatifu hapafai kufikiwa kwa pupa. Anayekwenda kuzuru kaburi la shahidi, msikiti wa kale au makaburi ya wafalme anahitaji muda wa kuziweka kando shughuli za nyumbani na kuutayarisha moyo, na katika vyombo vyote vya usafiri tulivyo navyo leo hakuna kinachompa muda huo kama treni ya masafa marefu. Ndani ya treni mtu huketi, husimama, hutembea, husali, hula, huzungumza na asiyemjua, hulala, na akiamka hukuta nchi nyingine dirishani. Naandika makala haya nikiwa na ombi moja kwa wanaopanga usafiri wa Uganda: warudishe treni za abiria za masafa marefu, na waanze na safari za mahujaji, kwa sababu reli tuliyorithi inapita jirani na sehemu nyingi mno ambazo Waganda, Wasoga, Wagisu, Wateso na Waluo wanaziheshimu.

Wazo la kuwapeleka watu mahali patakatifu kwa reli si geni, wala si la anasa. Sultani Abdulhamid II wa Uthmaniya alipoanzisha ujenzi wa reli ya Hijaz mwaka 1900, Waislamu wa nchi nyingi walitoa michango yao, na reli hiyo ilipofika Madina mwaka 1908, safari ya kutoka Damaski iliyokuwa ikichukua takriban siku 40 kwa msafara wa ngamia ikawa ya siku chache. Kule Ufaransa, mji mdogo wa Lourdes ulifikiwa na reli mwaka 1866, miaka 8 tu baada ya Bernadette Soubirous kusema kwamba amemwona Bikira Maria, na bila reli hiyo wagonjwa waliolazwa kwenye machela wasingeweza kufika huko kwa maelfu. Leo Saudi Arabia ina treni ya Haramain, iliyofunguliwa 2018, ambayo hufikia mwendo wa kilomita 300 kwa saa kati ya Makka na Madina.

Hata hivyo, mwalimu wetu mkubwa katika jambo hili ni India. Huko msafiri hupanda treni Delhi jioni, akaamkia Varanasi kando ya mto Ganga, na treni nyingine humfikisha Amritsar, ambako Hekalu la Dhahabu la Masingasinga, yaani wafuasi wa dini ya Sikh, huwalisha bure maelfu kwa maelfu ya watu kila siku bila kuwauliza dini zao. Kinachonivutia zaidi ya uzuri wa majengo hayo ni kwamba mkulima na hakimu wote wanaweza kuyafikia, kwa sababu treni ileile iliyo na behewa la kitanda na kiyoyozi ina pia behewa la nauli ya mkulima. Nchi isiyo na treni ya namna hiyo huwaachia hija wale wenye magari, na wengine wote huwaambia watembee.

Amritsar na Punjab nzima zina uhusiano wa jasho na damu na reli yetu. Kati ya mwaka 1896 na 1901, reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, wengi wao wakiwa watu wa Punjab, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Masingasinga wa relwe walijenga hekalu lao Makindu, katikati ya njia ya Mombasa na Nairobi, mwaka 1926, na mpaka leo msafiri yeyote anayesimama hapo hupewa chakula bila malipo. Hivyo reli iliyobeba jina la Uganda kutoka siku yake ya kwanza ina mahali pake patakatifu, na kila ninapofikiria huduma tunayoweza kuijenga upya, hekalu lile la Makindu ndilo kipimo changu cha ukarimu.

Sasa tuifuate njia yenyewe ndani ya Uganda. Treni ikitoka Malaba huingia Tororo, na hapo reli hugawanyika. Tawi la kaskazini lilifika Soroti mwaka 1929, na katika miaka ya 1960 likaendelezwa kupitia Lira na Gulu hadi Pakwach. Kituo chake kikubwa cha kwanza ni Mbale, na ni vigumu kupata mji mwingine wa ukubwa ule wenye imani nyingi kiasi kile. Juu ya kilima cha Nabugoye wanasali Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi iliyotokana na uamuzi wa kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu wa kufuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa 1988, kimewaleta mjini wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nje kidogo ya mji, katika uwanja wa Mutoto, ngoma za imbalu, tohara ya jadi ya Wagisu, hufunguliwa mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, na vijana wa Kigisu huanza safari yao ya kuwa wanaume. Mbele kidogo ni Kumi, na kilomita chache kutoka hapo yapo majabali ya Nyero yenye michoro myekundu ya duara ndani ya duara, ambayo wenyeji wa vizazi vingi waliyaendea kuomba mvua na watoto. Mwishoni kabisa, Pakwach, msafiri hukutana na Wang Lei, mahali ambapo Waluo husimulia kwamba ndugu wawili, Gipir na Labongo, waliachana kwa ugomvi wa mkuki na ushanga. Hadithi ile inastahili kusikilizwa palepale, Nile ikiwa mbele ya macho, baada ya safari ndefu.

Njia kuu, kwa upande wake, huelekea Jinja na kuvuka Nile kwa daraja lililokamilika 1931, mwaka ambao reli ya kutoka pwani ilifika Kampala bila abiria kulazimika kupanda meli Kisumu. Karibu na daraja hilo, mwaka 1948, sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa kwenye chanzo cha mto, na tangu hapo Wahindu wameongeza Jinja katika orodha ya mahali pao pa kuzuru. Abiria wa treni anaweza kuitazama sehemu hiyo kwa utulivu, jambo ambalo dereva wa basi anayekimbizana na malori hana nafasi ya kumpa.

Kampala yenyewe ni mji wa hija hata kama wakazi wake tumeizoea kiasi cha kutoiona. Jirani na stesheni kinasimama kilima cha Kibuli na msikiti wake uliokamilika 1951. Upande wa pili kuna Old Kampala, Namirembe ya Waanglikana, Rubaga ya Wakatoliki, na Kasubi, ambako wamezikwa Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanne: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Nyumba kuu ya Kasubi iliteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na iliposimamishwa tena kwa ufundi wa wenyewe, UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Reli iendayo magharibi hupita Nalukolongo, penye karakana ya treni na makao ya wazee na walemavu ambayo Papa Fransisko aliyatembelea Novemba 2015, kisha huelekea Mityana, aliposhuhudia kwa damu yake Noa Mawaggali, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, mwaka 1886, hadi Kasese. Njia hii ilifunguliwa 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipokoma, njia nayo ikaachwa, na leo sehemu kubwa yake imemezwa na majani. Nasikitika kila ninapoivuka kwa gari.

Lakini hoja yangu nzito zaidi ni Namugongo. Mashahidi 45 wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kabla yao, katika miaka ya 1870, Waislamu waliokataa kuitii amri ya Mutesa I dhidi ya dini yao waliuawa pia, na Namugongo ina msikiti wa kuwakumbuka. Kila tarehe 3 Juni umati mkubwa hukusanyika pale kutoka Uganda yote, Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na kwingineko. Wengi huja kwa miguu, wengine wakitembea zaidi ya wiki nzima. Basi tazama ramani: reli ya Malaba hadi Kampala inapita Kireka, kilomita chache tu kusini mwa Namugongo. Hujaji akishuka Kireka anaweza kuimaliza safari yake kwa miguu, pamoja na mzee wake na mtoto wake, bila kuhatarisha maisha ya yeyote kati yao kandokando ya barabara kuu usiku.

Najua wapo watakaosema kwamba hija ni kutembea, na kwamba treni itaiondolea jasho lake. Nawaheshimu sana wanaotembea, na sitaki hata mmoja wao aache. Swali langu ni hili: wanarudije? Misa ikishakwisha, mtu aliyetembea kutoka Tororo au Soroti, miguu imemvimba, anasukumana na wenzake kwenye vituo vya basi ambako nauli imepandishwa kwa sababu ya sikukuu. Hapo ndipo treni inapohitajika kwanza kabisa, katika kuwarudisha watu nyumbani kwa heshima. Wapo pia wagonjwa, wajawazito, wakongwe na wenye ulemavu ambao kila mwaka hubaki nyumbani wakisikiliza redio, na kwao hakuna hija nyingine isipokuwa ile itakayowabeba.

Kuna jambo jingine ninaloliamini kwa moyo wangu wote. Wanaotembea kwenda Namugongo hutembea kijimbo: jimbo hili na padri wake, jimbo lile na bendera yake. Ni utaratibu mzuri, lakini haukutanishi watu wa dini tofauti. Behewa hukutanisha. Nchi hii ilianza karne yake ya kisasa kwa vita vya dini, na katika mapigano ya Mengo ya mwaka 1892 Wakristo walipigana wao kwa wao, baada ya kuwa wamekwisha kupigana na Waislamu. Vilima vya Kampala vilivyogawanywa miongoni mwa madhehebu bado vinatukumbusha enzi hizo. Sasa mfikirie Mwislamu anayekwenda Mbale kumwona binti yake chuoni, Myahudi wa Nabugoye anayerudi kwao, mama wa Kikatoliki mwenye rozari na mzee wa Kigisu anayewahi Mutoto, wote wakiwa wameketi goti kwa goti kwa saa nyingi na wakigawana mihogo na chai. Wangezungumza kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, bila shaka, lugha iliyokuwa ya relwe tangu enzi za Reli za Afrika Mashariki na ambayo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 iwe lugha rasmi.

Treni zetu za abiria za masafa marefu zilisimama 1997. Tangu Desemba 2015 tumeona treni ya mjini kati ya Kampala na Namanve, na imethibitisha kwamba watu wako tayari kupanda. Mwaka 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, na sehemu ya reli ya zamani ya kaskazini imeshaanza kukarabatiwa. Nafurahi, lakini katika mijadala nasikia makontena mara kumi kabla ya kusikia abiria mara moja. Nasihi tujifunze pia kutoka kwa jirani. Treni ya Kenya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza 2017, ni safi na ya haraka, ila stesheni yake ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, ilhali stesheni ya zamani ilimshusha msafiri mjini, akatembea hadi Mji wa Kale na Ngome ya Yesu. Stesheni iliyo mbali na mji mtakatifu humlazimisha hujaji kuanza tena kutafuta gari, na maskini ndiye anayeumia. Stesheni mpya za Uganda ziwekwe pale watu wanapokwenda, na kama ardhi ya mjini ni ghali, basi treni ndogo za reli ya zamani ziziunganishe.

Wala hatuna haja ya kusubiri reli mpya. Reli ya zamani ya upana wa mita moja tuliyo nayo kati ya Malaba na Kampala inabeba mizigo, kwa hiyo inaweza kubeba watu. Shirika la Reli la Uganda likae na Baraza la Maaskofu, Kanisa la Uganda, Baraza Kuu la Waislamu, ufalme wa Buganda na wazee wa Kigisu, wapange kalenda moja ya safari: Namugongo mwanzoni mwa Juni, Mutoto mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa, na Kampala siku za Idi. Safari ya kwanza iwe ya usiku wa tarehe 3 Juni kutoka Kireka kurudi Tororo, ikisimama Jinja na Iganga, iwe na mabehewa ya daraja la tatu mengi kuliko ya kwanza, maji ya kunywa, muuguzi, vyoo vinavyofaa, na kina mama wa kila stesheni wakiruhusiwa kuuza chakula chao dirishani. Nauli isizidi ile ya basi siku ya kawaida, na itangazwe mapema, kwenye parokia na misikitini, kwa lugha zote za njiani.