Sauti ya Mgeni Irekodiwe Alipo Mgeni

Nimesikiliza vipindi vingi vya podikasti ambamo sauti ya mwenyeji ni safi na ya karibu, kana kwamba ameketi mbele yangu, ilhali sauti ya mgeni, ambaye ndiye aliyenifanya nikifungue kipindi, inakatikakatika kama ya mtu anayesemea ndani ya debe. Wengi huliona jambo hili kuwa dosari ndogo ya ufundi inayopaswa kuvumiliwa kwa kuwa mgeni yuko mbali. Mimi naliona kuwa suala la haki. Mtu aliyetupa saa nzima ya maisha yake pamoja na maarifa aliyoyakusanya kwa miaka anastahili kusikika sawa na anayemhoji, na mwenye wajibu wa kuhakikisha hilo ni mwenyeji.

Chanzo cha tatizo ni kwamba tunarekodi simu badala ya kumrekodi mtu. Programu za mazungumzo ya mtandaoni ziliundwa ili watu waelewane papo hapo, wala hazikukusudiwa kuhifadhi sauti. Sauti ya mgeni hugawanywa katika vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20 kila kimoja, vikabanwa na kutumwa kimoja kimoja. Shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, linapendekeza kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi takriban milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kwa kawaida, na kwa sababu hiyo programu haiwezi kukisubiri kipande kilichochelewa: hukiacha, kisha huziba pengo kwa sauti ya kukisia. Juu ya hapo, kuna vichujio vya kuondoa mwangwi na kelele, ambavyo watu wawili wanapozungumza kwa pamoja humfifisha mmoja wao. Silabi iliyopotea njiani haimo kabisa katika faili la mwenyeji, na hakuna uhariri unaoweza kuirudisha.

Nililijua hili kwa uchungu. Niliwahi kumhoji mama mmoja, mkunga mstaafu, nikategemea rekodi ya simu peke yake. Alipofika kwenye usiku ambao alizalisha mapacha bila taa, sauti yake ilipotea kwa sekunde kadhaa kisha ikarudi katikati ya sentensi. Nilimwomba arudie, naye akarudia kwa upole, lakini mara ya pili alikuwa akinipa taarifa tu. Ule mtetemo wa sauti ya mtu anayekumbuka ulikuwa umekwisha kupita. Tangu siku hiyo sijarekodi mgeni yeyote bila kuwa na rekodi inayofanyika upande wake.

Njia zipo. Huduma kama Riverside na Zencastr hurekodi sauti ya kila mshiriki kwenye kifaa chake mwenyewe kupitia kivinjari, kisha huipakia kwenye seva kidogo kidogo, kwa hiyo mtandao ukiyumba mazungumzo ndiyo yanayoathirika na rekodi inabaki nzima. Sharti lake ni kwamba mgeni asifunge ukurasa kabla upakiaji haujakamilika, na hili humwambia mwanzoni na mwishoni, maana watu wakishaagana huwa na haraka ya kuondoka. Hata hivyo, kwa mgeni asiyependa mambo mengi ya kompyuta, napendelea njia nyepesi zaidi: tunazungumza kwa kifaa kimoja, na simu nyingine, yake au ya kuazima, inawekwa mezani kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni ikiwa imewashwa kinasa sauti chake cha kawaida. Nimepata matokeo mazuri kwa simu ya kawaida katika chumba chenye mapazia na godoro kuliko kwa maikrofoni ya gharama katika chumba chenye kuta tupu.

Hapa pana jambo ambalo wenyeji wengi hulisahau, nalo ni mzigo wa kutuma faili. Saa moja ya sauti isiyobanwa ya mkondo mmoja (mono), inayopimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa biti 16 kila kipimo, ni takriban megabaiti 318. Kumwomba mtu aitume kwa intaneti anayoilipia mwenyewe ni kumtwisha gharama ambayo hakuiahidi. Faili lililobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde huwa megabaiti 58 hivi kwa saa, na kwa sauti ya mazungumzo hilo linatosha kabisa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kweli katika kazi hii anayepona ni mwenyeji. Basi gharama ya intaneti iwe juu yake.

Katika maandalizi sina masharti mengi. Mgeni avae vipokea sauti vya masikioni, hata vile vidogo vya simu, kwa sababu bila hivyo sauti yangu itatoka kwenye spika yake na kuingia katika rekodi yake. Feni izimwe, na kabla ya swali la kwanza tukae kimya kwa sekunde 30 ili nipate sauti tupu ya chumba chake, ambayo baadaye itanisaidia kuziba sehemu nitakazozikata.

Uhariri huanza kwa kulinganisha mafaili mawili, langu na la mgeni, ili yaende pamoja, na kofi moja la mikono lililopigwa mwanzoni na kila upande hurahisisha kazi hiyo. Lakini saa za vifaa viwili hazitembei sawasawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni huzaa karibu sekunde 0.18 kwa saa moja, muda unaotosha kufanya kicheko kitangulie neno lililokisababisha. Kwa hiyo kagua ulinganifu mwishoni mwa kipindi pia, si mwanzoni tu.

Sehemu inayohitaji busara kuliko zote ni kukata. Sioni ubaya wa kuondoa kikohozi au neno lililorudiwa mara tatu, ila ukimya ni jambo jingine. Kila swali linalopitia mtandao huchelewa kufika, na jibu huchelewa kurudi, hivyo mgeni mwepesi wa kujibu huonekana kama mtu anayesitasita. Ukimya wa namna hiyo si wake, nami naupunguza bila wasiwasi. Ukimya mwingine ni wake kweli, ule unaofuata swali zito, na kuufuta ni sawa na kumkata kauli. Ili kuutofautisha, nasikiliza majibu mepesi kwanza: pengo linalojirudia kwa urefu uleule baada ya kila swali ni la mtandao, na linalozidi hapo ni la mgeni. Wahariri wanaotumia programu za kufuta ukimya wote kwa mkupuo mmoja wanapata kipindi kifupi, na wanapoteza ushahidi kwamba mtu alikuwa akifikiri.

Kuhusu uchapishaji, nasawazisha kwanza sauti zetu mbili ili msikilizaji asihangaike na kitufe, kisha nakifikisha kipindi chote karibu na LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kiwango ambacho Apple inakipendekeza. Baada ya hapo kipindi huingia kwenye mlisho wa RSS, yaani orodha ya mtandaoni inayozijulisha programu kuwa kipindi kipya kimetoka, na kutoka hapo programu za wasikilizaji hulipakua faili katika vifaa vyao. Ninaweza kulifuta kwenye seva, lakini nakala iliyokwisha kushuka kwenye simu ya mtu siwezi kuifikia. Kwa sababu hiyo humtumia mgeni kipindi kilichohaririwa siku mbili kabla ya kukitoa. Akiomba niondoe jina la mtu asiyehusika, naliondoa. Akitaka jibu lake ligeuzwe maana, tunazungumza.

Yule mkunga nilimtumia kipindi chake nikamweleza wazi mahali palipopotea, naye akaniruhusu kukitoa kama kilivyo. Mwaka uliofuata tulirekodi tena, safari hii kwa simu ya mjukuu wake iliyoegemezwa kwenye kikombe mezani, na kila pumzi yake imo.