Waandishi Bora kwa Mujibu wa Daftari la Kinyozi

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko Kaloleni, Arusha, na siku ya mechi nasikia goli kutoka uwanjani kabla mtangazaji wa redio hajalisema. Nina viti viwili, mashine tatu ambazo moja hunyoa ikijisikia, na rafu ya mbao yenye vitabu arobaini na kidogo. Rafu hiyo imetokana na hasira. Kuna siku umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo, televisheni ya wateja ikatoa moshi. Nikafuatilia fidia, njoo kesho, njoo keshokutwa, nikachoka. Wateja wa foleni wakawa wanakaa wanatazamana kama wako msibani. Nikaenda kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaotandika turubai chini, nikarudi na vitabu vitatu.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa chuo alikaa kitini, na badala ya kuniambia anataka kunyolewa vipi akaanza kunisomea simu. Mtu fulani huko duniani kapanga waandishi bora wa wakati wote: wa riwaya, wa tamthilia, wa katuni, wa filamu, wote chungu kimoja. Shakespeare juu kabisa. Tolstoy. Stan Lee wa Spider-Man. Yule Mjapani wa katuni ya One Piece. Nikamuuliza, "Na kwetu?" Akasogeza kidole, akasogeza, akasogeza.

"Fundi, kwetu bado sijafika."

Nilimaliza kichwa kizima, nikapaka na spiriti, hajafika.

Shakespeare simbishii, nani atambishia. Kinachonikera ni kipimo. Orodha za namna hii hupangwa na watu wanaosifu vitabu, na kusifu ni rahisi, hata ambaye hajasoma anasifu. Mimi nina daftari la watu walioviazima hapa kwangu.

Ni kaunta buku la kawaida, limechorwa kwa rula: jina, kitabu, tarehe, namba ya simu, na mwisho kabisa safu niliyoiandika "karudisha". Kitabu kinachorudi kesho yake hakikusomwa, au kimemchosha mtu. Kinachorudi baada ya mwezi kimesomwa. Kisichorudi kimependwa. Na ubaya ni kwamba aliyebaki nacho harudi tena kunyoa, anaona haya. Kwa hiyo kila nafasi tupu kwenye safu ile imenigharimu kitabu na kichwa.

Kwa hesabu hiyo, kura zimekwenda kwa Elvis Musiba na hakuna wa kumsogelea. Kufa na Kupona, ile ya mwaka 1974, nimeinunua mara nne na leo sina hata jalada. Nakala ya kwanza aliondoka nayo dereva wa kifodi aliyeniambia anamalizia ukurasa mmoja tu akiwa anasubiri abiria. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata, na dereva wangu naye sijui alitumwa wapi. Wasomi wanaziita hizi riwaya pendwa, na wengine huitamka kama mtu anayetaja chipsi za barabarani. Pendwa si ndiyo iliyopendwa? Tusi liko wapi hapo?

Kwa riwaya za upelelezi Ben Mtobwa anamfuata nyuma, na angekuwa mbele kama si majina ya vitabu vyake. Joram Kiango wake ni mpelelezi mwenye maringo, wateja wanampenda. Lakini jaribu kufikiri uko kitini, shuka limefungwa shingoni, kinyozi ameshika wembe nyuma ya sikio lako, na mbele yako kwenye rafu kimesimama kitabu kilichoandikwa Najisikia Kuua Tena. Nimekihamishia rafu ya chini, nyuma ya poda.

Kabla yao wote alikuwepo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na mpelelezi wake Bwana Msa, mzee wa kiko, anayevuta na kuwaza wakati wengine wanahaha. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka kitabuni mwaka 1960. Ukimsoma unamwona Sherlock Holmes kwa mbali, halafu baada ya kurasa kumi humwoni tena, umebaki na watu wa shamba la Unguja na siri zao za kuzaliwa. Vijana kinawachelewesha kile kiswahili. Wazee hukirudisha baada ya mwezi, na wakishakirudisha wanakaa dakika ishirini kunieleza walivyomjua muuaji mapema. Uongo mtupu.

Sasa katuni, maana hapo ndipo yule kijana na mimi tulipopandishiana sauti. Nina magazeti ya Sani ya zamani, kumi na mawili, aliyonipa mteja aliyekuwa anahama. Hayo siazimishi, yanasomewa hapa hapa. Yamelainika kama noti ya mia tano ya zamani. Mtu akiwa na Sani kwenye foleni namwomba mwenye kiti atulie, maana akicheka yule wa kwenye benchi na huyu wa kitini anataka kugeuka aone, na mimi nina wembe. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Madenge mtoto mtundu. (Denge ni mtindo wa kunyoa, kila mzee anaujua. Siku hizi wanakuja kuniomba denge hilo hilo wakilitaja kwa jina la mchezaji wa Ulaya.)

Ndumilakuwili na Lodi Lofa walitoka mkononi mwa Philip Ndunguru. Neno ndumilakuwili lilikuwepo muda mrefu kabla yake, yeye akalipa uso, na baada ya hapo ukimwita mtu hivyo tayari unamwona anavyotembea. Lodi Lofa ni bora zaidi: bwana mkubwa na mzururaji ndani ya jina moja. Kila mtaa wa Arusha una Lodi Lofa wake, anakuja kunyoa kwa ahadi. Ndunguru alifariki mwaka 1986, na wahusika hawakuzikwa naye, mikono mingine ikaendelea kuwachora. Kijana akaniambia Stan Lee ni mkubwa kwa sababu wahusika wake wamemzidi umri. Nikamwambia sawa, tumia rula hiyo hiyo huku. Tena Spider-Man wa mwaka 1962 alichorwa na Steve Ditko, na ubishi wa nani hasa ni baba wa mtoto upo mpaka leo. Kalamu na mdomo vikiwa vya watu wawili, unampa nani nafasi? Orodha yake ilimpa mwenye mdomo.

Eiichiro Oda, yule Mjapani wa One Piece, simgusi. Mtu aliyeanza hadithi moja mwaka 1997, akapita juzuu mia moja, nakala zaidi ya milioni 500 zimechapishwa, na wasomaji bado wanamngoja kila toleo kama foleni yangu ya mkesha wa Krismasi, huyo anajua kazi. Siwezi kumpanga tu, sijamsoma. Niko tayari kuazima.

Shakespeare anasomwa hapa, msidhani. Anasomwa kwa mkono wa Nyerere. Juliasi Kaizari ilirudi baada ya siku mbili, lakini Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969 ilizunguka benchi zima msimu ule wa mikopo ya kausha damu. Kuna dada muuza mboga aliyekuwa amemleta mwanawe kunyolewa. Akaisoma pale mkopeshaji anapodai ratili moja ya nyama ya mwili wa mdaiwa, akafunga kitabu akasema, "Huyu bwana anatujua." Hakukiazima. Alisema ya kwake yanamtosha. Nimempa Shakespeare nafasi ya tano, nusu ya kura zake ni za mfasiri.

Gurnah, yule wa Nobeli ya 2021, ninaye kwa Kiswahili, Peponi. Yuko kwa mwalimu mmoja mstaafu tangu Januari. Hakipotei wala hakirudi. Kila akija kunyoa ananiambia, "Bado natafuna." Siwezi kumhukumu mwandishi ambaye bado yuko mdomoni mwa mtu.

Halafu kuna yule ambaye nyote mnasubiri nimtaje. Shaaban Robert ninavyo vitabu vyake vitano, na vyote vimerudi. Safi. Havina hata alama ya chai. Miaka ya mwanzo hilo liliniuma, maana nyumbani kwetu jina lake lilitajwa kwa kushusha sauti. Nadhani kosa ni la mtihani: watu wengi walikutana naye akiwa na maswali matano nyuma yake, "jadili kwa hoja", na hofu ile haijawatoka. Nakala moja tu ina uchafu. Kusadikika aliichukua mzee mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka wa kiwanja. Alikaa nayo wiki sita, ikarudi na alama za dole gumba pale Karama, mshtakiwa, anapojitetea barazani mbele ya Majivuno, mshtaki wake, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande wakarudi kuadhibiwa. Sikumuuliza kesi ilikwendaje. Alinyoa, akalipa, akasema, "Huyo Karama ana subira." Kwa ajili ya dole gumba lile nimempa Shaaban Robert nafasi ya tatu, na atakayesema nimemdharau aje achukue Adili na Nduguze, asiirudishe, nitampandisha.

Uwanja ninaousikia kutoka hapa unaitwa Sheikh Amri Abeid. Huwa nawauliza wateja ni nani. Mchezaji, wanasema. Mfadhili wa timu. Mmoja alisema refa. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki mwaka 1964, na kabla ya yote hayo alikuwa mshairi. Mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi: vina vikae wapi, mizani iwe mingapi, kituo kifanye kazi gani. Yaani kuna jiji hapa duniani linalocheza mpira ndani ya jina la mtu aliyeandika kanuni za shairi, na jukwaa la muziki likifungwa humo humo vijana wa Weusi, kundi la rap la hapa Arusha, wanashusha vina bila kujua wako kwa mwenye nyumba. Wateja wangu wa chini ya miaka ishirini na tano wanataka Joh Makini wa kundi hilo awe kwenye orodha, chalii wa hapa hapa. Sikatai. Nimehesabu vina vyake kwa vidole nikiwa nanyoa, na mara nyingi Sheikh angempitisha.

Ambaye Sheikh asingempitisha ni Euphrase Kezilahabi. Miaka ishirini baada ya kanuni zile, Mkerewe huyu akatoa Kichomi, mashairi yasiyo na vina wala mizani, wakubwa wakasema haya ni guni, yaani mashairi yenye kasoro. Nimezisoma hoja za pande zote mbili, na mkono wangu unakwenda kwa Sheikh, mimi napenda kitu kilichonyolewa sawasawa. Lakini daftari linasema lingine. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1971, waliyowahi kuizuia isisomwe shuleni, imepotea mara tatu. Mara zote tatu ilichukuliwa na akina baba wenye mabinti. Mmoja nilimpigia simu, akaniambia kitabu anacho mkewe, na mkewe akasema kiko kwa binti, na binti yuko bweni. Zakaria, yule baba wa kitabuni anayemlinda mwanawe kwa fimbo, amesafiri hadi bweni la wasichana. Na Nagona, ya mtu yule yule, ilirudishwa kesho yake asubuhi kabla sijafungua mlango. Jamaa amesimama, kakishika kwa ncha za vidole: "Fundi, hiki hapana. Nimesoma kurasa tano sijui kama niko duniani au akhera. Usiku sikulala."

Mtu mmoja kaandika kitabu kinachoibwa na kitabu kinachorudishwa alfajiri kwa hasira. Sina mwingine kwenye daftari zima. Namba moja ni Kezilahabi, Musiba wa pili, Shaaban Robert wa tatu, Ndunguru wa nne, Shakespeare na Nyerere wanagawana ya tano.

Nilimsomea mke wangu. Akasikiliza hadi mwisho akasema, "Baba watoto, orodha yako yote ina ndevu." Nikajitetea kwamba wateja wangu ni wanaume. Akaniuliza Nguzo Mama iko wapi, ile tamthilia ya Penina Muhando, wanawake wa Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo. Ninayo. Haijawahi kuazimwa hata mara moja, iko chini, nyuma ya poda, pamoja na Najisikia Kuua Tena. Nimeipandisha mbele tangu Jumatatu.

Yule kijana wa chuo alirudi wiki iliyofuata, akabishana na nafasi ya tatu, akabishana na ya nne, kisha akaomba Rosa Mistika, nakala yangu ya nne. Akaandika jina, tarehe, namba ya simu. Jumamosi nimemwona akipita ng'ambo ya barabara, kofia ameivua mkononi. Kanyolewa kwingine, na nyuma ya sikio la kushoto wamemkosea.