Chmod 777 ni kufunika kombe tu

Seva ya barua pepe ya ofisi ndogo ikigoma, hakosi mtu wa kusema: "Piga chmod -R 777 kwenye folda ya barua, restati, utaniambia." Amri hiyo inampa kila mtumiaji wa mashine ruhusa ya kusoma, kuandika na kutekeleza kila kilichomo. Ushauri huu unazunguka miongoni mwa mafundi wetu mwaka baada ya mwaka, na anayeufuata kweli huona barua zimeanza kuingia, anashukuru, anafunga laptop na kuondoka. Unaniudhi kila ninapousikia, kwa sababu anayeulipia si fundi. Wanaoulipia ni wale wafanyakazi ambao barua zao zimeachwa wazi bila wao kujua.

Nazungumzia mpangilio tunaoujua wote: mashine moja ya Debian au Ubuntu, Postfix inapokea, Dovecot inahifadhi, visanduku vyote viko /var/vmail chini ya mtumiaji mmoja, vmail, mwenye namba 5000. Watu kumi na tano au ishirini. Mara nyingi mashine hiyohiyo inabeba na tovuti ya kampuni, WordPress yenye plagini ambazo hazijaguswa tangu zilipowekwa.

Hapo ndipo 777 inapouma. Tarakimu ya mwisho ni ya "wengine wote", na kwenye mashine hiyo wengine wote ni pamoja na www-data, yaani tovuti. Plagini moja ikitobolewa, aliyeingia hahitaji nenosiri la mtu yeyote. Anasoma barua za mhasibu, anafuta, anaandika barua mpya ndani ya sanduku la mkurugenzi. Postfix ya Wietse Venema na Dovecot ya Timo Sirainen ziligawanywa katika programu ndogondogo, kila moja na mamlaka yake finyu, makusudi kabisa, ili moja ikitekwa zingine zisalimike. Kuta za mgawanyo huo ni ruhusa za faili. Ukipiga 777 umezibomoa kwa amri moja. Na kwa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Mwenye ofisi anapaswa kuelezwa hilo kabla, si baada ya kuvuja.

Kibaya zaidi, kosa hilo huzaliana. Dovecot inapounda faili jipya huiga ruhusa za folda ya sanduku husika. Folda ikiwa 777, kila barua itakayoingia kesho na keshokutwa itazaliwa ikisomeka na kuandikika na yeyote. Na ukijisahau ukaipiga hadi kwenye funguo za DKIM (sahihi ya kidijitali inayothibitisha barua zenu), OpenDKIM, programu inayoweka sahihi hizo, itaukataa ufunguo huo kwa kuwa unasomeka na wengine, na barua mnazotuma nje zitaanza kupata shida ambayo hukuwa nayo asubuhi.

Yote haya ili kukwepa kusoma mstari mmoja wa logi! Dovecot ni programu yenye huruma kuliko nyingi: haisemi tu "Permission denied" ikanyamaza. Inasema hivi:

stat(/var/vmail/ofisi.example/juma/tmp) failed: Permission denied (euid=5000(vmail) egid=5000(vmail) missing +x perm: /var/vmail/ofisi.example, dir owned by 0:0 mode=0700)

Usome polepole. Aliyejaribu ni vmail, namba 5000. Alichokosa ni +x, ruhusa ya kupita ndani ya folda. Alikokwama si kwenye sanduku la Juma bali folda moja juu yake, ile ya domeni. Na folda hiyo ni ya 0:0, yaani root, mtumiaji mkuu wa mashine, tena kwa 0700: yeye peke yake ndiye anayeingia. Mtu aliunda domeni mpya kwa sudo mkdir akasahau kuikabidhi. Dawa ni chown, amri ya kubadilisha mmiliki:

chown vmail:vmail /var/vmail/ofisi.example

Folda moja, amri moja. Mstari wa kosa ulikuwa na jina la mgonjwa, ugonjwa na kitanda.

Logi yenyewe iko journalctl -u dovecot. Usihangaike kutafuta /var/log/mail.log kwenye Debian 12 na kuendelea, kwa sababu rsyslog, programu inayoandika faili hilo, haiwekwi tena yenyewe. Ukitaka kuona njia nzima kutoka mzizi hadi faili, piga namei -l ukifuatisha njia hiyo. Itakuorodheshea kila folda, mmiliki wake na ruhusa zake, na ile inayozuia utaiona kwa macho. Kisha thibitisha kwa kuvaa viatu vya anayezuiwa: sudo -u vmail ls /var/vmail/ofisi.example/juma. Kujaribu ukiwa root hakuthibitishi chochote, root anapita kila mahali.

Lalamiko lingine la kila siku: "Inbox inafunguka, ila folda ya Ankara haifunguki." Hapo karibu kila mara kuna faili moja, mara nyingi dovecot-uidlist au dovecot.index.log (mafaili ambayo Dovecot hutumia kufuatilia barua za folda), lililoangukia mikononi mwa root kwa sababu mtu alirudisha bekapu kwa cp -r akiwa root. Litafute:

find /var/vmail ! -user vmail -ls

Kuhamia seva mpya kunastahili uangalifu wa peke yake. Diski haihifadhi jina "vmail", inahifadhi namba. Kama kule vmail alikuwa 5000 na huku mfumo umempa 1001, ls -l itakuonyesha 5000 bila jina, na Dovecot itagonga ukuta kwenye kila sanduku. Muunde mtumiaji kwa namba ileile kabla ya kuleta faili hata moja:

groupadd -g 5000 vmail
useradd -u 5000 -g vmail -d /var/vmail -s /usr/sbin/nologin vmail

Halafu ndiyo ulete data kwa rsync -aHAX --numeric-ids. Anza na ls -ln kwenye seva ya zamani ujue namba halisi, usiamini kwamba ni 5000 kwa kuwa miongozo mingi inasema hivyo.

Na kama 777 imeshapigwa? Rudisha umiliki kwa chown -R vmail:vmail /var/vmail, kisha tenganisha folda na faili:

find /var/vmail -type d -exec chmod 700 {} +
find /var/vmail -type f -exec chmod 600 {} +

Wapo wanaopenda ufupisho wa chmod -R u=rwX,go= na ni mzuri, lakini si hapa. Ile X kubwa huacha ruhusa ya kutekeleza kwa faili lililokuwa nayo tayari, na baada ya 777 mafaili yote yanayo.

Hizi amri za jumla ni za /var/vmail peke yake. Usiziguse kwenye /var/spool/postfix, foleni ya Postfix. Kule kila folda ina mwenyewe: maildrop ni 1730 chini ya postfix na kundi la postdrop, public ni 2710, private ni 700. Ukishaivuruga, piga postfix set-permissions, kisha postfix check usome inachosema. Na Postfix ikilalamika kwamba imenyimwa private/dovecot-lmtp, soketi ambayo Postfix huikabidhi Dovecot barua kupitia, usiibadilishe soketi hiyo kwa mkono, Dovecot huiunda upya kila inapowaka. Iandike kwenye 10-master.conf, mode 0600, user postfix, group postfix.

Ruhusa zikiwa sawa zote na bado unanyimwa, angalia AppArmor, mlinzi wa ziada wa mfumo anayeweza kuzuia hata pale ruhusa za faili zinaporuhusu, au SELinux, mwenzake, kama uko kwenye AlmaLinux au Rocky.

Nakubali, shingo upande, kwamba mkurugenzi akiwa amesimama mgongoni pako na zabuni inafungwa saa kumi, 777 inavutia. Lakini kusoma mstari ule na kupiga chown hakuchukui muda mrefu zaidi ya kupiga 777 kisha kurestati.

Baada ya hapo weka amri hii kwenye cron (ratiba ya amri zinazojiendesha) ya root, mara moja kwa wiki:

find /var/vmail \( ! -user vmail -o -perm /007 \) -ls

Mambo yakiwa sawa haitoi kitu, na cron haitumi barua pasipo na cha kutuma. Hakikisha tu root ameelekezwa kwenye /etc/aliases kwa mtu anayesoma barua zake, tena nje ya seva hiyo, kisha piga newaliases.