Mawe ya Mwanza yameniamulia: Seiko 5 Sports au Orient Kamasu

Ukiishi Mabatini, huku juu kwenye mawe, mkono wako unagusa jiwe mara nyingi kuliko unavyojua. Unapanda na mfuko wa unga, njia inabana kati ya majabali mawili, unajishikiza. Saa yangu ya zamani ilikuwa na kumbukumbu ya kila safari hiyo. Baada ya miaka miwili kioo chake kilijaa michirizi kiasi kwamba juani nilikuwa naigeuzageuza ndipo nione mishale. Mwisho wake ulikuja siku niliyoshuka kwenye boti kule Nansio, maji yakanifika kiunoni, na jioni nikaona ukungu ndani ya kioo. Fundi aliifungua, akaniangalia kwa huruma: “Dada, mashine imeshaota kutu.”

Sasa nimekusanya pesa ya saa nyingine, na nataka otomatiki, inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Kwa wiki kadhaa nimekuwa kati ya mbili tu: Seiko 5 Sports, toleo lile lililoanza 2019, na Orient Kamasu. Zote za Kijapani, bei zao hazipishani sana, na kwa ukubwa milimita 42.5 na 41.8 mkononi huwezi kuzitofautisha.

Akiba ya nguvu nayo isikusumbue. Seiko ina saa 41, Orient 40. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni ukaiweka mezani, Jumapili saa nne asubuhi Kamasu inasimama, na saa moja baadaye mwenzake anaifuata.

Tofauti yenyewe iko kwenye kioo. Seiko wameweka Hardlex, kioo chao kilichokomazwa. Kinavumilia kugongwa, hilo nakubali kabisa. Lakini majabali yetu ni graniti, na ndani ya graniti kuna kwatzi, madini yaleyale yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi iko 7, na vioo vya namna ya Hardlex viko chini ya hapo. Maana yake kila ukijikwaruza kwenye jiwe, jiwe linashinda. Kamasu ina kioo cha yakuti samawi, ambayo ugumu wake ni 9. Hapo jiwe la Mabatini halina la kufanya. Yakuti inaweza kupasuka ikipigwa vibaya, lakini saa yangu haikuwahi kupasuka kioo hata siku moja. Iliyoniudhi miaka yote ni michirizi.

Halafu maji. Seiko imeandikwa mita 100, Kamasu mita 200, na watu wengi wanaishia kushindanisha namba hizo. Ziwa letu lote, kwenye kina chake kirefu kabisa, ni kama mita 80, na mimi sendi huko. Cha kutazama ni kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira. Cha Kamasu unakizungusha kikafungwa kama kifuniko cha chupa. Cha Seiko unakisukuma tu ndani. Kwa kuogelea Seiko inatosha, sibishi, ila kitufe cha kusukuma kinaweza kunasa kwenye kamba au wavu kikavutika bila mwenyewe kujua, na mimi nikiwa safarini Ukerewe naingia kwenye boti zenye kamba kila upande. Nikikumbuka ule ukungu, sitaki tena kubahatisha.

Seiko ina jambo moja lililonifanya nisilale vizuri. Mashine yake, 4R36, ina pacha wake aitwaye NH36, anayeuzwa kwa watengenezaji wengine wa saa duniani kote. Ikiharibika, fundi anaweza kuagiza mashine nzima akaibadilisha. Kwa sisi tulio mbali na maduka makubwa hilo ni jambo zito, na mtu anayefanya kazi ofisini mjini, asiyepanda mawe wala boti, ningemwambia achukue Seiko bila wasiwasi.

Lakini hata kwenye kushika majira Orient wamejibana zaidi. Kiwanda kinaruhusu Kamasu izidi sekunde 25 au ichelewe 15 kwa siku. Seiko inaruhusiwa kuzidi 45 au kuchelewa 35. Mara nyingi zote hufanya vizuri kuliko hapo, ila mimi ni mtu wa kuwahi meli, na dakika nne za kuchelewa kwa wiki zinaweza kuniacha gatini.

Naichukua Kamasu, ile ya uso wa kijani. Ikifika, kabla ya kuivaa nitakizungusha kile kitufe hadi kikaze, na nitafanya hivyo tena kila asubuhi kabla ya kushuka gatini.