Kwa Nini Sipigi Rangi Gari Langu

Wiki mbili zilizopita, katika kituo cha ukaguzi wa magari hapa Freiburg, mkaguzi alilizunguka gari langu mara tatu bila kusema neno. Aligongagonga vizingiti vya milango kwa nyundo ndogo, akalala chali akamulika sakafu kwa tochi, kisha akasimama kando ya mlango wa dereva na kupitisha kidole gumba pale chini ya dirisha, ambapo rangi imekwisha kabisa na chuma kinaonekana kwa upana wa kiganja. Akauliza kama nina mpango wa kupapaka rangi. Nilianza kujitetea haraka haraka, kama dereva aliyesimamishwa kwenye kizuizi bila stika ya bima, kwamba nitapapaka bila shaka, nasubiri mwisho wa mwezi tu. Akanikatiza na kuniomba nisipaguse.

Nimekaa Ujerumani miaka kumi na minne, na sikumbuki siku nyingine ambayo ofisa yeyote wa nchi hii alinisihi niache jambo langu kama lilivyo.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1981, stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, na msomaji wa Mombasa, Nakuru au Arusha hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo Pijo. Marehemu baba aliendesha moja kati ya Mombasa na Malindi zamani zile ambapo Kilifi palivukwa kwa feri, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, na sisi watoto tulijua kiwango cha mapato ya siku kwa namna alivyofunga mlango alipofika nyumbani. Hili langu nimelinunua kwa mkulima wa zabibu wa vilima vya Kaiserstuhl, karibu na mpaka wa Ufaransa, ambaye kwa miaka mingi alilipakia makreti ya zabibu badala ya abiria. Sakafu ya nyuma imechorwa mistari mirefu na makreti hayo, mlango wa nyuma una kibonyeo, na rangi yake ya krimu imepauka juu ya paa hadi kufanana na karatasi ya daftari lililosahaulika juani.

Nilipotuma picha kwenye kundi la familia, jibu la kwanza lilitoka kwa ami yangu: «Umekwenda Ulaya kununua tulichokitupa?»

Ninafahamu kwamba wapo watakaosoma haya na kusema kwamba nimekwisha kuwa mzungu, kwamba mtu akishiba huanza kuona urembo kwenye matambara, na kwamba pesa hizo zingelipa karo ya mtoto wa mtu. Karo ninalipa, na wanaolipiwa wanajua. Gari hili nimelinunua kwa bei iliyo chini ya ile ya pikipiki mpya ya bodaboda, na kazi yote ya jioni na ya Jumamosi nimeifanya kwa mikono yangu katika banda la kupanga lisilo na joto. Sijasema kwamba watu wa huku wana macho na sisi tu vipofu. Ninachosema ni jambo moja dogo: sisi tuna haraka mno ya kufuta alama za kazi zetu wenyewe.

Wala mtu asidhani kwamba kuuhifadhi uchakavu ni njia ya mvivu kukwepa kazi. Kupaka rangi ni rahisi kuliko hivi ninavyofanya. Fundi hodari wa bodi nyumbani hukwangua, hujaza fila, hupiga msasa, hupuliza rangi, na siku ya tatu gari linang'aa kama kikombe cha harusi, huku kutu iliyofunikwa ikiendelea kula kimya kimya chini ya fila. Mimi nimelazimika kuanza ndani na chini. Vipande vya sakafu vilivyooza nilivikata na kuchomelea bati jipya kutoka upande wa chini, ili juu pabaki palivyokuwa. Matundu ya ndani ya vizingiti niliyamiminia nta iliyopashwa moto hadi ikatiririka kwenye maungio na kudondoka kupitia vitundu vya kutolea maji, kwa sababu kutu ya gari huanzia pale ambapo jicho halifiki. Pale mlangoni penye chuma kitupu nilipaka mafuta ya kitani, tone dogo tu kwenye kitambaa, nikayafuta kabla hayajaanza kunata, nikasubiri yakauke kwa siku kadhaa, nikarudia tena mara tatu. Rangi iliyobaki niliiosha kwa sabuni laini na sponji. Dawa ya kung'arishia sikuithubutu, kwa kuwa rangi ya zamani imekuwa nyembamba na ungeweza kuimaliza yote mchana mmoja ukiwa unajipongeza.

Kiti cha dereva kilichanika kwenye ukingo wa kushoto, upande anaoingilia dereva, maana usukani wa huku uko kushoto. Nilifungua kitambaa kwa chini, nikatia kiraka cha turubai kwa ndani, kisha nikashona mpasuko kwa sindano iliyopinda, nikifuata matundu ya uzi wa zamani. Jioni tatu kwa mpasuko wa shibiri moja! Mke wangu alikuja bandani usiku wa pili, akatazama, akarudi zake ndani.

Kuna mahali ambapo ukongwe haunihusu. Mipira ya breki, matairi na springi za nyuma, ambazo katika stesheni wagoni hii ni nne, mbili kila upande, zote nimeweka mpya bila kusita. Mtu anayehifadhi breki za zamani kwa ajili ya uzuri wake anatafuta sababu ya kuzikwa mapema.

Wajerumani wana neno lao la sura ya kitu kilichochakaa kwa umri na matumizi, patina, nao hulitamka kwa heshima kama sisi tunavyotamka jina la mzee. Sisi tuna uchakavu, tuna ukuukuu, na yote mawili ni matusi. Gari chakavu ni gari la aibu. Neno ukongwe lina adabu kidogo, lakini tumelitenga kwa ajili ya majengo na wanasiasa. Halafu tunaandika «Ya Kale Dhahabu» nyuma ya matatu iliyopakwa rangi mpya juzi.

Baba naye alikuwa hivyo hivyo. Mlango wa Pijo yake ulikuwa na doa kama hili langu, ila la kwake lilikuwa upande wa kulia, mahali alipokuwa akiegemeza kiwiko njia nzima kutoka Mtwapa hadi Gede, dirisha likiwa wazi na shati likipepea. Alipotaka kuliuza, alilipeleka kwa fundi likapulizwa buluu yote, doa likatoweka. Mnunuzi alichelewa siku tatu, na siku hizo baba aliendelea kubeba abiria. Jioni ya kwanza alirudi akasema kwamba mkono wake haujui pa kukaa.

Nisije nikaonekana ninawasifu wenyeji wangu kupita kiasi. Hapa pia pana upuuzi wake. Nimeona mtu akinunua bati jipya kabisa na kulimwagia maji ya chumvi bustanini ili lipate kutu ya kupendeza. Nimeambiwa na muungwana mmoja kwenye mkutano wa magari ya kale kwamba gari langu lina «roho ya Afrika», ilhali lilitengenezwa Sochaux, Ufaransa, mwendo usiofika saa mbili kutoka pale tuliposimama, na Afrika halijaikanyaga hata siku moja. Uchakavu ni mzuri sana kwa mtu mwenye tiketi ya treni mfukoni. Abiria aliyekwama na mtoto mgonjwa kando ya barabara ya Kilifi hana nafasi ya kuutazama mlango.

Na tukija kwenye ujuzi, hapo sikubali kushindwa. Mafundi walioziweka Pijo barabarani kwa miaka ishirini baada ya vipuri kwisha, wakichonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu na kuzibua kabureta kwa waya wa breki ya baiskeli, wangemfundisha mengi fundi wangu wa hapa, ambaye hugusa kompyuta kabla ya kugusa bolti. Tusisahau kwamba jina la gari hili lilijengwa kwenye matope yetu. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne, mwaka 1963 na kisha mitatu mfululizo kuanzia 1966, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975. Mombasa yenyewe ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha 504, na huko Kenya ziliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baada ya Ulaya kuacha kuunda zile za abiria mwaka 1983. Katika makumbusho ya kampuni pale Sochaux watu hulipa kiingilio wazitazame. Sisi tulikuwa nazo uani, kuku wakitaga ndani.

Baada ya miaka thelathini, gari la hapa likikaguliwa na kuonekana limehifadhiwa vizuri katika hali yake ya asili, hupewa namba yenye herufi H mwishoni, na kodi yake huwa yuro 191.73 kwa mwaka, iwe injini ni ndogo au kubwa. Nyumbani, likishapita miaka minane haliruhusiwi hata kushuka bandarini. Ninajua sababu, msinitumie. Ninajua pia kwamba hata ningetaka kulirudisha hili kule ambako baba alizeekea ndani ya mwenzake, lisingepita, kwa umri na kwa usukani wake wa kushoto.

Namba ya H nimeipata. Jumapili nilimpigia mama kwa video, nikatembea na simu kuanzia taa za mbele hadi kwenye kibonyeo cha nyuma, nikamweleza kuhusu mkaguzi, mafuta ya kitani, na doa la mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogeza uso karibu na simu, akashusha sauti ili waliokuwa sebuleni wasisikie:

«Mwanangu, kama ni pesa ya rangi imekupungukia, sema. Tutachanga.»