Nguo za picha za mahafali: majira kwanza, kabati baadaye

Mhitimu anayejiandaa kwa picha za nje huanza karibu kila mara na swali moja: nina nguo gani nzuri? Swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza ajiulize ardhi itakuwa ya rangi gani siku hiyo, jua litakuwa upande gani, na hali ya hewa itamwacha mkavu au itamlowesha. Gauni lililopendeza ukumbini usiku linaweza kufifia kabisa mbele ya nyasi zilizokauka. Kwa maoni yangu, nguo iamuliwe mwisho, baada ya mahali na saa, na ningependa wahitimu wengi zaidi wangepanga hivyo kabla ya kutumia hela madukani.

Nje, mwanga hauji kutoka juu peke yake. Unagonga kila kilicho karibu na uso, kisha unarudi usoni, na kilicho karibu zaidi na uso ni nguo. Shati jekundu lililopigwa na jua hutupa wekundu chini ya kidevu na shingoni. Njano ya limau, waridi kali na kijani cha kumetameta hufanya hivyohivyo, tena vibaya zaidi. Kuusafisha wekundu huo kwenye kompyuta ni kazi ngumu, kwa sababu umekaa kwenye sehemu za kivuli tu, haukuenea uso mzima. Kwa hiyo rangi kali ishuke chini ya kiuno: kwenye sketi, suruali, mkoba au viatu. Karibu na uso weka rangi tulivu, mfano krimu, bluu ya bahari, kijani cha zeituni au damu ya mzee.

Nyeupe pe juani ni mtego. Mpiga picha akipima mwanga kwa uso, hasa uso wa ngozi nyeusi, nguo nyeupe inaungua. Mishono, vifungo na mikunjo yote inapotea, panabaki bapa tupu. Akipima kwa nguo, uso unaingia giza. Krimu huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo na machoni bado inasomeka kuwa nyeupe. Nyeusi tii ina shida ya kinyume: mbele ya kichaka chenye kivuli mwili unamezwa, unabaki uso unaoelea. Anayeipenda nyeusi atafute nyuma yake mahali penye mwanga, au asimame jua likiwa mgongoni ili limchoree ukingo wa mabega na nywele.

Na mistari myembamba au drafti ndogondogo ziacheni nyumbani. Kihisio cha kamera, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kimepangwa kwa safu za vidoa zilizobanana, na kitambaa chenye mistari inayokaribiana na safu hizo huzaa mawimbi ya ajabu ambayo kwenye nguo yenyewe hayapo. Mara nyingi mawimbi hayo hujitokeza picha inapopunguzwa ili itazamwe kwenye simu, yaani pale pale watu wengi watakapoiona.

Sasa joho, maana hapa ndipo picha nyingi huharibika bila sababu. Majoho mengi ni poliesta nyembamba, hukaa yamekunjwa kwenye mfuko, na ile mikunjo ya miraba huonekana hata kwa mbali jua la pembeni likiipiga. Litundike joho siku mbili kabla. Pasi ya mvuke ipite kwa ndani. Kama una pasi ya kawaida tu, ligeuze ndani nje, tumia moto mdogo, na weka kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo kati ya pasi na joho. Moto mkubwa huacha alama ya kung'aa isiyotoka tena, au huyeyusha nyuzi kabisa. Nguo ya ndani nayo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Shingo ya joho hufunguka kwa umbo la V, na mtu aliyevaa blauzi ya mikanda au yenye shingo pana huonekana hana kitu ndani. Shati lenye kola ndilo salama zaidi. Asiyetaka kola achague shingo ya duara iliyokaa juu, yenye rangi inayotofautiana waziwazi na joho.

Kofia ikae sambamba na ardhi, ukingo wake upana wa vidole viwili hivi juu ya nyusi. Ikishuka zaidi, na jua likiwa juu, lile bamba linaweka kivuli juu ya macho yote mawili, na kivuli cha namna hiyo hakirekebishiki vizuri. Ibane kwa pini za nywele mbili kila upande, kwa sababu upepo wa nje hauna huruma. Hakikisha pia kishada hakining'inii mbele ya jicho.

Tukija kwenye majira, la joto ndilo linalodai fikra nyingi zaidi, na adui wake mkubwa ni jasho. Rangi inayolionyesha kuliko zote ni kijivu cha wastani, ikifuatiwa na samawati. Kitambaa kikilowa huwa cheusi zaidi, na kwenye rangi za katikati tofauti hiyo ndiyo inayoonekana sana. Nyeusi, bluu iliyokolea, rangi nyepesi karibu na nyeupe, au kitambaa chenye maua madogo huficha. Fulana nyembamba ya pamba ndani husaidia, mradi rangi yake ikaribiane na ngozi, kwani nyeupe chini ya shati jeupe huonekana mistari yake yote. Satini iwekwe kando: tone moja la jasho huacha doa, na juani hung'aa vipande vipande. Kitani kinapitisha hewa vizuri sana lakini hakifai kusafiri kimevaliwa. Dakika kumi za kukaa kwenye kiti zinatosha kukikunja nyuma ya magoti na mapajani. Kibebe kwenye hanga, ukakivalie huko huko. Ardhi ikiwa imekauka na nyasi zimegeuka rangi ya majani makavu, kaki na rangi za mchanga zinapotea ndani yake. Bluu ya bahari ndiyo inayosimama.

Wakati wa joto watu hupenda saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, na wana haki. Kumbukeni tu kwamba mwanga ule una umanjano: krimu hupata joto zuri, nyekundu na kahawia hukolea, lakini samawati hafifu hupauka na kuwa kijivu. Karibu na ikweta jua huzama kwa kasi, kwa hiyo anayebadilisha nguo katikati ya mwanga huo anaupoteza. Saa ya kwanza baada ya mapambazuko inanipendeza zaidi. Mwanga ni wa aina hiyohiyo, ardhi haijapata moto, na vumbi bado limelala.

Mvua zikianza, mambo mengi yanageuka. Mawingu hutawanya mwanga, vivuli vinalainika, na nyeupe niliyoionya hapo juu inakuwa salama. Majani yako kwenye ukijani wake mkali, kwa hiyo kijani kwenye nguo huchanganyika nayo, ilhali haradali, damu ya mzee na rangi ya udongo wa kuchoma hutokeza vizuri. Anayekaa kwenye nyasi ajue zinarusha kijani usoni kutoka chini. Bora akae kwenye jiwe au ngazi. Pindo liishe juu ya kifundo cha mguu. Gauni refu likinyonya maji kwenye pindo hubadilika rangi kwa mstari unaopanda polepole, na mstari huo unaonekana kwenye kila picha ya mwili mzima. Viatu vya ngozi ya manyoya visikanyage matope. Njoo na ndala, vaa viatu ukifika mahali pa kusimama. Mwavuli uwe mweupe au wa kuona ndani. Mwavuli mwekundu au wa bluu hupaka uso rangi yake, tena kuanzia utosini.

Majani yanapopukutika watu huvaa rangi ya chungwa kwa sababu msimu ni wa chungwa, kisha wanashangaa wamemezwa na miti. Vaa bluu ya bahari, kijani cha chupa au krimu. Sweta la kufuma chini ya jaketi hupendeza sana kipindi hiki, na jaketi linaweza kuvuliwa, ukapata picha mbili tofauti kwa nguo moja. Maua yakichanua, usivae maua. Kitambaa cha rangi moja kiache bustani ifanye kazi yake.

Baridi kali inataka nguo ya ndani nyembamba inayobana mwili, si masweta mawili yanayomfanya mtu aonekane amevimba. Theluji hurudisha mwanga mwingi kutoka chini, hivyo rangi nzito ndizo zinazofaa. Skafu nyekundu huongeza wekundu wa pua iliyopigwa na baridi, kwa hiyo chagua kijani au bluu. Hewa kavu huleta umeme tuli: sketi ya nailoni hunata kwenye soksi ndefu. Ipitishie hanga ya waya kwa ndani, itaachia. Wenye miwani inayojitia giza wawe waangalifu zaidi hapa, kwani lenzi hizo hukolea zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto, na macho hayataonekana kabisa. Leteni miwani ya kawaida.

Kwa kipindi cha saa moja, nguo mbili zinatosha. Kila badiliko hula dakika kumi hadi kumi na tano, na anayekuja na nguo nne huondoka na picha chache za kila moja. Anza na ile inayokunjika haraka, ukiwa bado mkavu.

Wiki moja kabla, vaa kila kitu, pamoja na viatu, uende nje saa ileile ya miadi. Inua mikono, chuchumaa, kaa, utazame kinachopanda, kinachobana na kinachofunguka. Ng'oa stika ya bei chini ya soli. Toa simu mfukoni. Kisha mtu akupige picha ya simu mahali penyewe, uibadilishe kuwa nyeusi na nyeupe: kama nguo na kilicho nyuma yako vina ukolezo uleule wa kijivu, badilisha nguo au sogea mahali pengine.